Machale yananicheza kwa mashua ya milioni 14: nifuate moyo au hesabu?

MwanaDagaa (mleta uzi)

Wakuu heshima zenu, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, simlaumu.

Mimi ni mwanamke, niko Tanga mjini, biashara yangu dagaa. Nanunua Sahare vyombo vikishuka, nachemsha, naanika, napeleka Muheza, Korogwe mpaka Lushoto siku za gulio. Mwaka wa 11 huu. Chombo sijawahi kumiliki. Siku zote mimi ni wa kusimama ufukweni na ndoo, nangoja wenye vyombo vyao wanipangie bei.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kaja na habari. Kuna mashua ya mbao inauzwa, injini ya hospawa 40, nyavu za dagaa, taa zake, vyote milioni 14. Yeye saba, mimi saba. Hela ipo, kikoba tumevunja majuzi na nyingine nilikuwa naiweka pembeni. Hesabu tumepiga mara tatu hapa mezani kwangu, mume wangu ndiye aliyeshika kalamu: mafuta, chakula cha mabaharia, mgao wa chombo, mgao wa watu. Hata tukisema giza moja (zile siku zisizo na mwezi, ndipo dagaa wanavuliwa) katika kila matatu linakwenda bure, kwa miaka miwili hela inarudi. Leseni ya chombo ipo. Jina kwenye karatasi ni la muuzaji mwenyewe. Kila ninayemuuliza ananijibu, sasa unangoja nini?

Jumamosi tukaenda kuiona. Nimeizunguka, nimeshika ubavu wake, nikasikia kitu kimekaza hapa chini ya kifua. Sikuogopa, wallahi. Mwili tu ulikataa. Nikamwambia shemeji nitampa jibu wiki ijayo, akanuna. Tangu siku hiyo nikiwaza kwenda kuitoa ile hela mikono inakuwa mizito.

Mama kaniambia niswali istikhara. Nimeswali siku tatu, nilichoota ni niko soko la Mgandini natafuta kandambili iliyopotea. Sijui tafsiri yake.

Naombeni waliopitia. Machale ni ya kuyasikiliza kwenye jambo kubwa namna hii, au ndiyo yanayotufanya tubaki maskini?

Tandabui

Naweka jamvi hapa. Atakayepita na kahawa na kashata asinisahau.

Mgosi wa Donge

Dada, hayo si machale, ni uoga wa hela kubwa. Wote tunaupata. Mimi siku nanunua bodaboda ya kwanza nilitapika, ndiyo, nilitapika pale pale mlangoni kwa muuzaji. Leo ninazo nne. Ningeufuata mwili ningekuwa bado nabeba magunia. Hesabu zako zimekaa sawa, karatasi ziko sawa, mumeo karidhia. Moyo kazi yake kusukuma damu. Lipa.

Ustadh wa Makorora

Assalaam alaykum. Nisahihishe jambo moja, maana naona watu wengi wanaliteleza. Istikhara si kulala ukangoja sinema. Ni rakaa mbili na dua, unamwomba Mola akuchagulie lenye kheri na akuepushe na lenye shari, kisha unashika njia: unauliza wajuao, unakagua, unaendelea na jambo lako. Likiwa na kheri litafunguka, likiwa na shari litazuilika. Kandambili iache huko huko Mgandini.

Mtu atakuja hapa na hadithi ya sahaba Wabisa, Mtume (SAW) alipomwambia uulize moyo wako, hata watu wakikupa fatwa. Hadithi ni ya kweli, lakini isomeni yote. Inazungumzia wema na dhambi, lile linalotulia nafsini na lile linalokereketa kifuani. Haizungumzii bei ya mashua.

MwanaDagaa

Wa alaykum salaam ustadh, nimekuelewa. Kwamba nimwombe Mungu, na bado niende nikakague.

Ustadh wa Makorora

Funga ngamia, halafu tawakali. Ndiyo.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, nimekaa baharini miaka 31, mwanzo mashua za mizigo, baadaye uvuvi. Nitakupa visa viwili.

Cha kwanza. Usiku mmoja wa kusi tumetoka, kisiwa cha Yambe tumeshakiacha nyuma, tuko nje ya mwamba. Upepo wa kawaida, nyota zote zinaonekana. Nikasema tunarudi. Vijana wakanitazama kama nimekunywa. Mmoja akaniuliza, baba umeona nini? Nikamwambia sijaona kitu, geuza. Tukaenda kutia nanga nyuma ya kisiwa. Saa moja haikutimia, likaja, na mvua yake, na vyombo viwili vya wenzetu usiku ule vilitupa nyavu baharini ili viokoe watu.

Wakaanza kusema nina kitu, nina mizimu, nimechanjwa. Hata mimi niliingia kuamini. Ilinichukua siku nyingi, nimekaa zangu barazani, ndipo nikakumbuka: mashua ilikuwa inalala vibaya. Upepo unatupiga kushoto, lakini chini yetu kuna wimbi linakuja kwa mbele, refu, la taratibu. Wimbi la upepo ambao haujafika bado. Makalio yangu yalilijua kabla ya kichwa.

Cha pili, ambacho huwa sikisimulii. Nahodha huyu huyu, machale haya haya, nilipoacha bahari nilimpa mtu milioni mbili na nusu za kiwanja Pongwe kwa sababu moyo ulitulia nilipomwona. Kanzu safi, sauti ya chini, alinishika mkono tukivuka barabara. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa kwa watu watatu, na mimi ndiye niliyekuwa wa tatu.

Bahari niliisoma miaka 31. Viwanja nilivisoma asubuhi moja.

Tandabui

Baba nahodha umenigusa. Mimi machale yananiambia kila msimu kwamba huu ndio mwaka wa timu yetu ya Coastal Union kuchukua ubingwa wa ligi. Ubingwa wenyewe ni wa 1988. Na bado nayaamini.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo baba nahodha. Naomba niendelee pale ulipoishia, maana umesema kwa mdomo wako kitu ambacho watu wamekiandikia makaratasi.

Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Gary Klein. Aliwafuata wakuu wa vikosi vya zimamoto, alitaka kujua wanaamuaje wakati hawana hata dakika ya kupima. Mmoja akamsimulia hivi. Wameingia nyumba inayoungua, moto uko jikoni nyuma, wanaumwagia maji lakini haupungui kama inavyotakiwa. Mkuu akasikia vibaya tu, akawaamuru vijana wote watoke. Wametoka, sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye chumba cha chini ya ardhi, na hakuna aliyejua kama kipo. Yule bwana aliamini ana karama. Walipokaa kuchambua wakakuta sebule ilikuwa na joto kupita kiasi kwa moto mdogo kama ule, na ilikuwa kimya mno. Mambo hayakulingana na mioto aliyoizoea. Kichwa hakijapanga maneno, mwili umeshajua hapa si penyewe.

Klein na wenzake waliwahoji pia manesi wa wodi za watoto njiti, nami hapo ndipo niliposhika kichwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Unampita mtoto saa nane za usiku, umemwona jana na juzi, leo unasema huyu simpendi. Joto liko sawa. Unamwita daktari anakuuliza umeona nini, unakosa la kumwambia. Vipimo vikija, ana maambukizi. Ukilazimishwa kueleza ndipo unakumbuka: rangi yake ilikuwa kama ya majivu kidogo, na ulipomchoma sindano alilia kivivu.

Sasa upande wa pili alikuwepo Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Nobel ya uchumi 2002. Huyo maisha yake yote alionyesha jinsi hisia zetu zinavyotudanganya. Ungetegemea wapigane. Badala yake walikaa pamoja miaka kadhaa kutafuta wanapotofautiana, na mwaka 2009 wakatoa makala moja ya wote wawili. Walikubaliana kwamba hisia ya mtu ni ya kuaminika kama mambo mawili yapo. Kwanza, hilo jambo liwe na utaratibu wake unaojirudia, unaoweza kufundishika. Pili, mhusika awe amelifanya mara nyingi na kila mara akaonyeshwa mapema kama alipatia au alikosea. Na wakaonya, mtu kujiamini sana si ushahidi wa kitu. Baba nahodha kule Pongwe alijiamini kuliko siku ile ya Yambe, au nasema uongo?

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Husemi uongo. Siku ya Yambe nilikuwa na shaka mpaka nanga inazama. Kule Pongwe sikuwa na shaka hata chembe.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Basi dada MwanaDagaa, usijiulize kama ufuate moyo au hesabu. Jiulize moyo wako Jumamosi ulikuwa unaongelea nini. Dagaa umewasoma miaka 11, na kila jioni soko limekupa majibu. Mashua hujawahi kununua hata moja. Kama moyo uliongea kuhusu dagaa, msikilize sana. Kama uliongea kuhusu mashua, ni mgeni tu huyo, usimpe kiti cha mbele.

Mgosi wa Donge

Maneno mazuri nesi, ila mashua hainunuliwi kwa Nobel. Muda unakwenda, chombo kitanunuliwa na mwingine.

Fundi Kalafati

Dada, mimi ni fundi wa vyombo, sina maneno mengi. Jibu haya bila kupamba. Ulipoiona ilikuwa majini au nchi kavu? Ulipanda? Ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa na maji? Nyavu zilikuwa wapi, na zilikuwaje?

MwanaDagaa

Asante fundi. Ilikuwa imepandishwa mchangani, imeegemezwa magogo pande zote. Nilipanda. Ngama kavu kabisa, hata unyevu hakuna. Rangi mpya, buluu na nyeupe, ukingoni bado inanata, nimerudi nyumbani na mstari wa buluu kwenye baibui. Nyavu zimekunjwa vizuri upande wa tezi, kule nyuma, nimezishika, ni laini, kavu, hazina

Subirini.

Hazikunuka. Jamani, hazikunuka! Mashua nzima ilinuka rangi, haikunuka dagaa. Mimi harufu ile nalala nayo, mwanangu wa mwisho akinikumbatia ananiambia mama unanuka kazi. Nimepanda chombo cha dagaa na pua yangu haikukuta kitu.

Fundi Kalafati

Muuzaji alisema kilitoka lini mara ya mwisho?

MwanaDagaa

Giza lililopita. Kwa mdomo wake, mbele ya shemeji.

Fundi Kalafati

Giza lililopita ni wiki tatu. Chombo cha dagaa hata ukikisugua kwa mchanga na sabuni ya unga, wiki tatu bado kinanuka. Magamba yanajikita kwenye maungio ya mbao, yanaoza humo humo. Hicho hakijagusa maji miezi.

Tandabui

Kahawa imepoa, nimesahau kunywa.

Mgosi wa Donge

Haya, mmeshaunda kesi. Mtu anauza chombo chake, kakisafisha na kukipaka rangi, imekuwa kosa? Mlitaka akipake matope? Mngekuta kinanuka mngesema huyu mchafu, hatunzi mali. Mkishaamua kukataa, sababu haikosekani. Huyu dada alikataa Jumamosi, sababu kaipata Jumatano. Ipi imemzaa mwenzake?

Binti Kisosora

Mgosi leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe, na nitaeleza kwa nini, ingawa naona haya.

Miaka tisa iliyopita alikuja mtu kunichumbia. Mwalimu, mpole, kwao wanajulikana. Siku ya kwanza kukaa naye nikahisi kitu kimekaza kifuani, hivyo hivyo kama dada anavyosema. Nikawaambia nyumbani moyo umekataa. Mama akaheshimu, akasema mtoto kaona kitu. Nilijisifu miaka mingi kwamba nina machale makali, mashoga walikuwa wanakuja kuniuliza kuhusu wachumba wao.

Mwaka juzi nimekutana naye stendi ya Kange, yuko na mkewe na watoto wawili, wanasubiri gari. Akanisalimia vizuri, akacheka. Alipocheka tu, kile kitu kikakaza tena. Safari hii nikakijua. Anacheka kama baba yangu wa kambo, anapiga goti na kurudisha kichwa nyuma. Aliyekuwa ananipiga ni baba wa kambo. Yeye mwalimu wa watu hakuwa na kosa lolote zaidi ya kicheko chake.

Hayo machale yangu yalikuwa kovu. Na kovu likiguswa linauma vile vile kama kidonda, mwenyewe huwezi kutofautisha.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana mdogo wangu. Umeniongezea kitu ambacho kwenye yale makaratasi sikukiona.

Nahodha Mstaafu

Pole mwanangu. Huyo mwalimu Mungu amempa riziki yake, nawe yako ipo.

Fundi Kalafati

Pole dada. Nirudi kwa MwanaDagaa, nina swali la mwisho. Siku ile ulikuwa unaitazama mashua tu, au na shemeji alikuwa karibu? Kilichokukaza ni chombo au ni mtu?

MwanaDagaa

Fundi umeniuliza swali baya. Nilipoweka mkono ubavuni mwa mashua yeye alikuwa nyuma yangu anaongea na simu. Sijui. Naomba nisijibu leo.

Mpita Njia

Uzi mtamu. Ungefupishwa kidogo.

MwanaDagaa

MREJESHO. Samahanini kwa ukimya, kulikuwa na giza, nilikuwa kazini.

Nimekwenda na fundi wa jirani yetu, mzee mmoja mtaratibu. Kaja na nyundo ndogo tu na bisibisi. Kagonga mbao moja moja kuanzia omo, kule mbele, mpaka tezi, sikio karibu, kama daktari. Kaniambia mbao nzima inajibu ko, iliyooza inajibu pu. Nimekaa saa nzima nasikia ko, ko, ko. Mataruma, zile mbavu za chombo, mazima; mkuku, ule uti wa mgongo wake, mzima. Kalafati, ile ya kuziba maungio ya mbao, imekauka kwa jua, itataka kutiwa upya kabla ya kushuka majini, kazi ya siku tatu nne. Injini imewaka mvuto wa pili. Kwa ufupi chombo kizima kabisa.

Nikamuuliza muuzaji, kaka, giza lililopita hiki kilitoka kweli? Akatazama chini. Kumbe kina miezi sita nchi kavu. Mabaharia wake walimkimbia kwa ugomvi wa mgao, akaona akisema ukweli atapigwa bei. Pua yangu ilikuwa na haki kwamba chombo hakikwenda baharini. Ila nilivyodhani mimi moyoni, kwamba kimeoza, nilikosea. Bei imeshuka papo hapo mpaka milioni 11 na nusu.

Mgosi wa Donge

Haya! Milioni mbili na nusu umezipata kwa kunusa. Sasa lipa.

MwanaDagaa

Mgosi, na mimi nilidhani hivyo. Nilirudi nyumbani mwepesi. Usiku nikaenda kwa dada kumpa shemeji habari nzuri, nikamwambia hapa naomba tuandikishane, kila mtu asilimia yake, mgao unalipwaje, mmoja akitaka kutoka anatokaje, tupeleke kwa mwanasheria wagonge muhuri. Shemeji akasema, ndugu hawaandikiani. Dada yangu alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Hakuinua uso, kisu tu kikasimama, kisha kikaendelea.

Fundi, lile swali lako nimelijibu.

Fundi Kalafati

Mbao nina nyundo yake. Ya shemeji sina.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada yako naye ana miaka mingapi kwenye ile ndoa?

MwanaDagaa

Kumi na tisa. Na kila siku ameonyeshwa majibu, kama ulivyosema nesi. Sikumuuliza kitu, sikutaka kumtia matatani nyumbani kwake. Nilimuaga shemeji kwa heshima, nikamwambia hela nimepata nayo shida nyingine. Uongo, Mungu anisamehe.

Mgosi wa Donge

Umekataa milioni kwa sababu ya kisu cha viazi. Nimekaa.

Ustadh wa Makorora

Amemwomba Mola, amekagua, ameshauriana, na mkataba wa maandishi umeamrishwa ndani ya Qur'ani kwenye deni, aya ndefu kuliko zote. Sioni alipokosea.

MwanaDagaa

Mrejesho wa mwisho, kisha mods wanaweza kuufunga uzi.

Shemeji kapata mwenza mwingine. Wametia kalafati, wameshusha chombo, giza hili ndiyo limekuwa la kwanza. Juzi alfajiri niko Sahare na ndoo zangu kama kawaida, nikaiona inaingia, ile buluu na nyeupe. Ndoo 70. Sijaona chombo kingine siku ile kilichofika hata 50. Watu walikuwa wanapiga mbinja. Shemeji kanipungia mkono kutoka omo, nami nikapunga.

Nimenunua ndoo kumi kutoka kwenye mashua ambayo ingekuwa yangu, kwa bei aliyonipangia yeye.

Mgosi wa Donge

Sisemi kitu. Nanyamaza kwa heshima tu.

Nahodha Mstaafu

Giza moja hilo, mwanangu. Hesabu ya chombo ni ya mwaka, na hesabu ya mwenza ni siku ya kugawana.

MwanaDagaa

Sawa baba. Inawezekana, na inawezekana nimejinyima. Sijui bado. Dagaa walikuwa wazuri, wakubwa, wanang'aa. Nimeshawachemsha, wako juu ya chanja, na mvua inanukia kutokea upande wa Raskazone, nakimbia kuwafunika.